Sura moja, wanawake wawili

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimeangalia Thirteen at Dinner, ile filamu ya televisheni ya 1985 yenye Peter Ustinov akiwa mpelelezi Poirot. Nimeipenda, lakini kaka yangu aliyesoma kitabu anasema wamekiharibu kwa kukileta zama za televisheni. Nani ana haki? – Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako ana haki ya kulalamika, ila analalamikia pasipo penyewe. Kitabu cha Agatha Christie kilitoka 1933, na filamu imekihamishia miaka ya themanini. Hilo mimi nililimeza. Lililonikwama ni siri kuvuja mapema.

Niliiangalia Ngamiani kwa mama mdogo, yeye yuko mkekani anapepeta mchele, na Kiingereza hakijui. Alipotokea Carlotta, yule msanii hodari wa kuiga watu, akasimamisha ungo: "Huyu si ndiye yule mke wa bwana?" Ndiye hasa. Faye Dunaway kawacheza wote wawili, Carlotta na Jane Wilkinson, mke wa Lord Edgware. Kitabuni unaambiwa tu kwamba Carlotta anamwiga Jane. Sura unaijenga mwenyewe, na mwandishi anakuzungusha atakavyo. Kwenye kioo jicho limeshaona. Basi mtumishi anaposema Jane aliingia nyumbani usiku ule Lord Edgware alipouawa, na wageni wa karamu wanashikilia kuwa alikuwa nao mezani, hushtuki tena. Unakaa kumngoja Poirot akufikie.

Lakini Dunaway namvulia kilemba. Kumcheza Jane ni kazi moja. Kumcheza mwanamke mwingine anayemwiga Jane ni kazi nyingine kabisa.

Ustinov anapendeza, ingawa ni pande la mtu na Poirot wa kitabuni ni mfupi, nadhifu kupita kiasi. Aliyeonewa ni Hastings, rafiki na msaidizi, ambaye kwa Poirot ni kama Najum kwa Bwana Msa wetu: kitabuni ndiye msimulizi, hapa kabaki kufuata nyuma.

Umemwona Inspekta Japp? Ni David Suchet, aliyekuja kuwa Poirot mwenyewe kuanzia 1989 hadi 2013. Mwaka 2000 ikatoka Lord Edgware Dies, hadithi hiyo hiyo, yeye ndiye Poirot, na Jane na Carlotta wamechezwa na waigizaji wawili tofauti. Itafute, muiangalie na kaka yako. Mimi niliirudia kwa mama mdogo. Safari hii hakuuliza kitu, na mchele ukalala kwenye ungo mpaka mwisho.