Hesabu ya flashi: soma geji kwanza, kompyuta baadaye

Mwaka wa tatu wa uhandisi nilikwenda fildi kwenye yadi moja ya gesi ya kupikia, ng'ambo ya Kigamboni. Siku ya pili nikapewa kazi niliyoiona ya kitoto: tangi lina propani na butani, nusu kwa nusu kwa moli (yaani kwa idadi ya molekuli), joto nyuzi 30, geji ya presha inasoma baa 5.8 (baa hapa ni kipimo cha presha, si zile za Sinza). Kiasi gani humo ndani ni mvuke, kiasi gani kimiminika? Hesabu hiyo ndiyo tunaiita flashi. Nikafungua kompyuta, nikajaza namba kwenye fomyula ya flashi ya Rachford na Rice, ikanipa mvuke karibu asilimia 40. Nikaipeleka kwa mzee aliyekuwa akinisimamia, kifua mbele.

Karatasi hakuigusa. "Kijana, njoo huku." Tukaenda mpaka kwenye tangi, akanionyesha geji ya ujazo. Kimiminika kilikuwa kimefika karibu robo tatu. "Haya, hiyo arobaini yako imekaa wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. Mvuke unakula nafasi kubwa mno. Kama kweli asilimia 40 ya moli zingekuwa mvuke, kimiminika kingelowanisha tu chini ya tangi. Kosa lilikuwa dogo la kuudhi: geji huhesabu presha kuanzia ile ya hewa inayotuzunguka, lakini fomyula inataka presha kamili, kuanzia sifuri. Ile 5.8 ilipaswa kuongezwa 1, ikawa 6.8.

Sasa angalia. Kwa nyuzi 30, propani tupu ina presha ya mvuke ya kama baa 10.8, butani tupu kama 2.8. Kanuni ya Raoult inasema kila moja ichangie kwa sehemu yake: nusu ya 10.8 ni 5.4, nusu ya 2.8 ni 1.4, jumla 6.8. Hiyo ndiyo presha ya kiputo, pale kiputo cha kwanza cha mvuke kinapotokea. Tangi lililofungwa, lenye kimiminika kingi na mvuke kidogo juu yake, litakaa hapo hapo. Jibu nilikuwa nalo kwenye geji tangu asubuhi, na sikuhitaji kompyuta.

Tangu siku ile sipigi flashi kabla ya kutafuta mipaka miwili. Wa juu ni huo wa kiputo. Wa chini ni presha ya umande, pale tone la kwanza la kimiminika linapotokea kwenye mvuke: gawanya sehemu ya kila kijenzi (hapa propani na butani) kwa presha yake ya mvuke, jumlisha, kisha gawanya 1 kwa jumla hiyo. Kwa mchanganyiko wetu inatoka kama 4.5. Presha yako ikiwa juu ya 6.8, yote ni kimiminika; ikiwa chini ya 4.5, yote ni mvuke. Katikati ndipo flashi ina kazi. Shusha hadi 5.5 kwa mfano, joto likibaki lile lile: K, yaani presha ya mvuke ya kijenzi ukiigawanya kwa presha ya tangi, kwa propani ni 1.96, kwa butani 0.51, na karibu nusu ya moli zinageuka mvuke. Mvuke huo una propani asilimia 66, kimiminika kinabaki na 34. Ukiona programu inakupa sehemu ya mvuke hasi au inayozidi 1, usiitukane. Inakwambia uko nje ya mipaka.

Mtego mwingine ni namba za Antoine, zile za fomyula inayokupa presha ya mvuke ukiipa joto. Kitabu hiki kinatumia logi ya kumi, kile logi asilia. Huyu nyuzi za Selsiasi, yule kelvini. Zijaribu kwa kitu unachokijua: propani huchemka kwenye nyuzi -42, kwa hiyo ukiweka -42 lazima upate presha ya hewa ya kawaida. Usipoipata, acha hapo hapo.

Gesi asilia nayo ni habari nyingine. Ile ya Songo Songo inayokuja Dar kwa bomba karibu yote ni methani, na methani juu ya nyuzi -82.6 haiwi kimiminika hata uibane vipi, kwa hiyo haina presha ya mvuke ya kumpa Raoult. Hapo Raoult mweke pembeni, tumia mlinganyo unaounganisha presha, ujazo na joto: wa Peng na Robinson wa 1976 au wa Soave wa 1972. Juzi mdogo wangu mmoja wa chuo kaniletea flashi ya methani na pentani kwa nyuzi 30, imepangika vizuri, ina rangi na mipaka. Nikamuuliza presha ya mvuke ya methani kwa joto la Dar kaitoa wapi. "Kaka, si Antoine imenipa?"

Imempa, kweli. Nikamtuma akasome joto la mwisho ambalo zile namba zake zinaruhusiwa. Liko mstari wa pili wa jedwali lile lile alilonakili.