Unene wa ulimi kwenye viti: theluthi isikufunge

Mkuu, umesema unatengeneza viti sita vya mezani kwa mninga, miguu 2x2 (inchi), fremu ya kukalia 1x3, na fundi mmoja kakwambia ulimi (kile kipande kinachochongwa mwishoni mwa mbao kiingie kwenye tundu la mbao nyingine) uwe theluthi ya unene wa mbao, basi. Hiyo theluthi nilifundishwa hivyo hivyo, na ilishanirudishia kiti kibandani.

Inafaa mbao mbili zenye unene sawa, kama fremu ya mlango: theluthi ya kati inakuwa ulimi, kuta mbili za tundu zinabaki na theluthi moja moja, hakuna anayemwonea mwenzake. Kwako hazilingani. 1x3 ikishapigwa randa inabaki kama mm 22, mguu kama mm 45. Theluthi ya 22 ni mm 7 tu! Mguu una nyama tele, mnyonge ni ulimi.

Kiti changu kilirudi baada ya miezi michache. Mtu alikuwa anaegemea nyuma, miguu ya mbele inanyanyuka (wote tunakaa hivyo). Ulimi ulikatika sawia na bega (ule ukingo unaobaki pale mbao inapopunguzwa kuwa ulimi), kipande kimebaki ndani ya tundu, gundi imeshika vizuri kabisa. Tangu hapo kwa vipimo kama vyako nakata mm 12 na ushee, yaani upana wa patasi ya nusu inchi. Usichore ulimi wa mm 11 kisha uanze kutafuta patasi.

Ila unene sio wa kwanza kuuangalia. Mtu akiegemea, ulimi unapindwa kwenda juu na chini. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kimo (kipimo cha ulimi toka juu kwenda chini) mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo usikate kimo ovyo. Kwenye mbao ya mm 70 (ndio upana wa 1x3 baada ya randa) mimi naacha bega la mm 5 chini, na juu naondoa mm 15 ili tundu lisikaribie kichwa cha mguu wa mbele, maana pale mbao hupasuka kirahisi. Unabaki na kimo cha mm 50. Hizo mm 15 za juu usizimalize zote, acha kijino kifupi kiingie mguuni, kinazuia mbao kujipinda.

Urefu ndio penye kazi, kwa sababu mguu mmoja unapokea ndimi mbili na zinagongana ndani. Ukiweka tundu katikati ya mguu, ulimi unaingia mm 16 tu kabla ya kukutana na mwenzake. Sogeza matundu nje, ukuta wa nje ubaki mm 10, halafu kata ncha za ndimi kwa nyuzi 45 zikutane kama kona za fremu ya picha. Sasa upande mfupi wa ulimi unaingia kama mm 21 na upande mrefu kama mm 33. Eneo la gundi linaongezeka kwa zaidi ya nusu, na gundi inashika kwenye mashavu ya ulimi (zile pande mbili pana), sio kwenye ncha. Chimba tundu lizidi urefu kwa mm 2 gundi ipate pa kukimbilia.

Mbao ya ulimi iwe kavu kuliko zote. Ulimi mbichi ukikauka unasinyaa, na hapo hata ungekuwa na unene wa dole gumba kiti kitacheza tu. Ukavu wa mguu hauniumizi kichwa sana.

Mkazo: ulimi uingie tunduni kwa kusukuma na mkono na kugonga kidogo mwishoni. Ukihitaji nyundo toka mwanzo, utapasua mguu.

Kabla hujagusa mninga wa bei, tengeneza kona moja kwa vipande vilivyobaki vya mninga huo huo, gundi ikauke siku nzima, kisha ivunje. Mguu ukipasuka kwanza, punguza unene wa ulimi mm 1 au 2. Ulimi ukikatika kwanza, njoo utuambie vipimo ulivyotumia.