Mzazi anayekosa pumzi usiku

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mkamwana wangu yumo ndani ya arobaini huku Faza, kajifungua mapacha. Miguu imemvimba hadi magotini, akilala chali hukosa pumzi, na usiku hukurupuka akakimbilia dirishani kutafuta hewa. Anakohoa pia. Bibi anayemkanda asema ni baridi ya uzazi, tuzidishe maji ya moto na uji wa pilipili manga. Nisadiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikwisha kukujibu kwa simu: mpandisheni boti leo hii mwende Lamu hospitalini, msingoje arobaini itoke. Hapa nawaandikia wengine wenye mzazi ndani.

Miguu kuvimba kidogo ni jambo la wazazi wengi. Kinachonitisha ni hiyo pumzi. Mzazi anayelala kwa mito mitatu, au anayeamka usiku akitweta, huenda mapafu yake yameingia maji kwa sababu moyo hausukumi damu vya kutosha. Uko ugonjwa wa moyo wa wazazi: misuli hulegea na moyo ukatanuka, aghalabu kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Humpata hata aliyekuwa mzima kabisa. Waliozaa mapacha, waliopata presha ya mimba na sisi wanawake wa Kiafrika tumo hatarini zaidi.

Bibi wa kukanda simlaumu, amelea wazazi wengi kwa mapenzi. Lakini huyu asikandwe kwa maji ya moto sasa, wala asipewe vyakula vya chumvi nyingi. Chumvi huzuia maji mwilini, na moyo uliochoka huzidiwa. Kule Zaria, Nigeria, ambako mzazi alilazwa juu ya kitanda cha udongo kinachokokewa moto na kunyweshwa uji wa magadi, madaktari waliuona ugonjwa huu kwa wingi mno.

Hospitalini apimwe presha na wingi wa damu, kisha moyo upigwe picha ya eko, ile ya mawimbi ya sauti. Akiambiwa ni pumu au nimonia na dawa zisimsaidie, iulizieni eko bila haya, hata kama ni safari ya kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara. Atapewa dawa za kutoa maji kwa mkojo na za kuupunguzia moyo mzigo, pengine na za kuzuia damu isigande. Daktari aambiwe kama ananyonyesha, kwani zipo zinazofaa. Wengi moyo hurudi sawa katika miezi 6 au zaidi, ila asiache vidonge kwa kuona nafuu.

Na mwanao naye aingie kwa daktari pamoja na mkewe. Mimba nyingine yaweza kuurudisha ugonjwa, na kama moyo haujapona, yaweza kumuua. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni havimfai. Kitanzi au kijiti ni salama zaidi kwake. Hilo lizungumzwe kabla hajatoka wodini.