Barua kwa mwanangu: kwa nini farasi hawajanitajirisha

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Athieno,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakushukuru kwa dawa ya macho. Magoti yangu yako vile vile, tuyaache.

Uliniuliza mambo mawili kwenye simu, nikakwepa kwa sababu wajukuu walikuwa wanapiga kelele na mtandao unakatika. La kwanza: "Baba, umewasoma farasi tangu ujana wako, mbona hujatajirika?" La pili ulilisema kwa kicheko, lakini nakujua, hukuwa unatania: ukinitumia laki tano, je, nitakuwekea kwenye farasi ninayemwamini? Hilo la pili jibu lake ni hapana. La kwanza ndilo limenikalisha na kalamu.

Nianze na Jumamosi yenyewe, maana nasikia huko Kampala mnaambiana kwamba mzee wenu anashinda kwenye nyumba ya beti kutwa nzima. Si kweli. Asubuhi ni ya mihogo na ya kusoma. Orodha za mbio za Uingereza zinakuwa zimeshatoka tangu jana yake, nazisoma kwenye ile simu uliyoninunulia, miwani puani, daftari pembeni. Wakati huu wa baridi yao, wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mbio yao ya saa nane mchana inakuwa saa kumi na moja jioni kwetu. Kiangazi chao inakuwa saa kumi. Basi natoka nyumbani kama saa tisa, nikiwa nimeshakula, na dau la siku liko kwenye mfuko wa shati. Pensheni ikiingia mama yako anachukua kwanza, hilo unalijua. Likiisha la mfukoni, naendelea kutazama bure, na sijaona runinga ikinikatalia.

Pale ndani runinga nyingi ni za mpira. Moja inaonyesha farasi wa kompyuta, nitawafikia. Iliyobaki, ile ya pembeni karibu na mlango wa choo, ndiyo yetu wazee.

Nikupe mbio moja uone ninachosoma. Jumamosi iliyopita, Haydock, kaskazini ya Uingereza, ambako majira haya uwanja ni tope tupu. Farasi wanane, mbio ya kuruka viunzi, karibu maili tatu. Kando ya jina la kila farasi kuna mstari wa tarakimu na herufi, na wangu aliandikiwa 32P-142. Unasoma kutoka kushoto, ya mwisho kulia ndiyo mbio yake ya karibuni: alikuwa wa pili. Kistari kinatenganisha msimu na msimu. P maana yake joki, yule anayempanda farasi, alimsimamisha njiani, hakumaliza. Angekuwa ameanguka ingeandikwa F. Angemtupa joki, U. Mtu mwenye haraka akiona P anamruka farasi huyo. Mimi nikaitafuta ile mbio ya P: ilikimbiwa kwenye ardhi kavu. Nyingine zote alizofika wa mbele zilikuwa za tope. Tena safari hii alibeba ratli nane pungufu kuliko farasi aliyepigiwa upatu, kwa sababu mbio hizi zinasawazishwa kwa uzito: farasi mwenye sifa anapewa mzigo, vipande vya madini mazito ya risasi vinawekwa chini ya tandiko hadi uzito ulioandikwa utimie. Na juu yake akakaa joki mwanafunzi. Hao wanapunguziwa ratli saba, tano au tatu kadiri ya mara walizokwisha kushinda, na huyu alipunguziwa tano.

Ukiniuliza, hapo ndipo raha yote ilipo. Mbio yenyewe ni dakika sita hivi za watu kupiga kelele.

Odi zake, yaani mara ambazo dau lako linazidishwa akishinda, zilikuwa 11. Niliweka 2,000 kwa kugawa: 1,000 ashinde, 1,000 aingie kwenye watatu wa mbele. Kwa mbio ya farasi wanane ile nusu ya pili hulipwa moja ya tano ya faida ya ushindi. Odi 11 ni faida kumi, moja ya tano yake ni mbili, rudisha na dau lenyewe: 3,000. Akawa wa tatu, akimpita wa nne kwa shingo tu. Nimetoa 2,000, nimepokea 3,000. Lakini angalia sheria ilivyo nyembamba: kama farasi mmoja angejitoa asubuhi tukabaki na saba, wangelipwa wawili wa mbele tu, na mimi ningetoka kapa na akili zangu zote za tope na ratli.

Sasa, mhasibu wangu, shika kalamu. Chukua mbio ya farasi sita wenye odi hizi: 2.50, 4, 5, 8, 10 na 15. Kila odi ina nafasi iliyojificha ndani yake. Gawa 100 kwa odi: 40, 25, 20, 12.5, 10, na karibu 6.7. Jumlisha. Katika dunia ya haki ungepata 100, kwa sababu farasi mmoja lazima ashinde na hawezi kushinda zaidi ya mmoja. Wewe umepata zaidi ya 114. Ukitaka upokee 100,000 awe nani atakayeshinda, itabidi uweke 114,200. Hiyo 14,200 ni ya mwenye nyumba, na ameshaichukua kabla farasi hajatoka zizini.

Haigawanywi sawa kwa farasi wote pia. Sehemu kubwa inapakiwa kwa wale wa odi ndefu, wanaovutia wenye shilingi 500 wanaota pikipiki. Wanaopigiwa upatu wanashinda karibu mbio moja katika kila tatu, na ukiwafuata hao hao kila siku bado utapoteza, ila polepole.

Utasema, lakini Baba wewe uliliona tope. Nililiona. Ila asubuhi farasi yule alikuwa na odi 13, na nilipofika dirishani alikuwa 11. Maana yake wengine wameliona tope lile lile, huko huko Uingereza, tena wakiwa wamesimama juu yake. Ni kama bei ya mahindi hapa Malaba: siku unayosikia kwamba Kenya mvua imekataa, wenye malori wamesikia jana, na gunia limeshapanda. Ninachokijua mimi juu ya farasi ni cha kweli, na kimo ndani ya odi tayari. Ili nile pesa inabidi nijue jambo ambalo odi hazijalijua, na jambo lenyewe liwe kubwa kuliko ile 14. Mzee wa Tororo atalipata wapi, kwenye runinga ya karibu na choo?

Zamani nilikuwa na kijimlango kidogo. Unajua nilikuwa karani wa mizigo Nairobi, Reli ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika 1977 tukarudi kila mtu kwao. Jumapili tulikuwa tunakwenda Ngong Road, uwanja uliofunguliwa 1954 mbio zilipohamishwa kutoka upande wa Kariokor. Wazungu na Wahindi wenye nafasi walikaa jukwaani na darubini. Sisi wa kota za reli tulijipanga kwenye uzio wa kile kiwanja ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio. Saisi mmoja, mtunza farasi, Mkamba mpole, alinifundisha kutotazama kichwa. "Tazama katikati ya mapaja ya nyuma," akaniambia. Farasi akitoka povu jeupe pale kabla hajatandikwa vizuri, hofu imeshamla, mbio ameimalizia hapo. Tazama pia anavyotembea: mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele, au unaishia nyuma yake? Vitu hivyo orodha haikuwa navyo, na dirisha la dau lilikuwa hatua chache tu.

Pale Ngong pia kulikuwa na mfuko wa pamoja. Dau zote zinatiwa chungu kimoja, klabu inakata fungu lake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Mtindo huo aliuanzisha Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860. Haukuwa wa huruma kuliko huu wa leo, maana fungu hukatwa palepale, lakini ulikuwa unashindana na binadamu wenzako, wengine walevi. Leo nashindana na mashine ya mtu aliye ng'ambo, na kamera hainionyeshi mapaja ya nyuma. Inamwonyesha mwenye farasi na kofia yake.

Wapo waliotajirika, sikufichi. Mmarekani mmoja, Bill Benter, alikwenda Hong Kong katika miaka ya 1980 na programu ya kompyuta aliyoitunga, inayopima kila farasi kwa mambo mengi kwa pamoja. Alianza kwa kupoteza. Baadaye akapata utajiri usiohesabika kwa vidole. Lakini soma alichokieleza mwenyewe mwaka 1994: hesabu zake peke yake hazikutosha. Zilikuja kuzaa vizuri alipozichanganya na odi za umma, kwa sababu umati wa wachezaji ulikuwa unajua mambo ambayo kompyuta yake haikuyajua. Umeona? Hata yeye aliinamia odi. Alikuwa na wafanyakazi, mtaji, na miaka ya matokeo. Nina daftari na mihogo.

Daftari lenyewe ukija nitakufungulia, ukague utakavyo. Mwaka jana kila 10,000 niliyoweka ilinirudishia kama 8,500. Hiyo 1,500 ni bei ya alasiri yangu, na naiona halali. Mzee mwenzangu wa mtaa wa pili anatumia zaidi ya hiyo kwenye waragi, na Jumatatu hana cha kusimulia. Bila lile dau dogo nisingesoma. Ningetazama farasi wakipita nisinzie. Nikiweka 2,000 nasoma mpaka jina la mama wa farasi.

Nilisema nitawafikia wale wa kompyuta. Hao usiwaite farasi. Ni namba za bahati nasibu zilizovalishwa mikia. Hawana tope, hawana ratli, hawana jana. Kila baada ya dakika chache wengine wanatolewa, usiku na mchana, na mshindi anateuliwa na mashine. Hakuna cha kusoma. Ndio wanaojaza ile nyumba, mwanangu. Vijana wa boda wanaingia na pesa ya mafuta, wanatoka wanasukuma pikipiki. Sheria ya 2016 inasema mtu chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari Uganda, lakini nikitazama nyuso zilizoko pale naona wengi ambao bado wanatumwa chumvi na mama zao. Kwenye mbio za kweli angalau unasubiri nusu saa hivi kati ya moja na nyingine, na katika nusu saa hiyo mtu anaweza kukumbuka ana watoto. Ningekuwa na mamlaka ningeiacha runinga yetu na kuizima ile.

Kuhusu laki tano yako. Dau langu ni dogo kwa sababu nimeshalihesabu kama limekwenda. Lako ungeliwazia. Ungenipigia simu Jumamosi jioni ukiwa na moyo mkononi, nami ningeanza kuchagua farasi kwa woga, yaani wale wa odi fupi, nikikupotezea polepole huku nikijieleza. Sitaki maongezi yetu yawe hayo. Tena baba akipoteza pesa ya binti yake, mama yako atalala upande gani? Zipeleke kwenye yale mabati uliyosema, mvua za Machi hazisubiri mtu.

Hata hivyo njoo Aprili na watoto. Kuna ile mbio kubwa ya Aintree, karibu na Liverpool, Jumamosi saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Farasi 34 siku hizi, zamani walikuwa 40. Viunzi 30, karibu kilomita saba, na mwaka 1967 mshindi alikuwa Foinavon wa odi mia kwa moja kwa sababu wenzake wa mbele karibu wote waligongana au kukwama kwenye kiunzi kimoja, yeye alikuwa nyuma sana hata akapata nafasi ya kupita. Tutatazama kwenye simu yako, ina kioo kipana. Kila mjukuu atachagua farasi kwa rangi ya shati la joki, na mimi nitakuwa mwenye nyumba ya beti, odi nitapanga mwenyewe. Tutacheza kwa karanga. Mama yako ameshasema zake hatoi, kwa hiyo uje nazo.

Baba yako