Omba Usimamiwe

Vijana wanaoanza kazi ya usalama wa mifumo huniuliza waanze na programu gani. Mimi huwaanzishia na kisa cha Justin Petersen.

Petersen alikuwa mtu wa muziki na kumbi za usiku za Los Angeles, na kwenye kompyuta alijiita Agent Steal. Aliandamana na watu kama Kevin Poulsen, yule aliyeteka laini za simu za redio KIIS-FM mwaka 1990 ili awe mpigaji wa 102 katika shindano na kujinyakulia gari la Porsche. Mwaka 1991 Petersen alikamatwa Texas. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakamtoa awe mtoa taarifa, awasaidie kuwachunguza wadukuzi wenzake, akiwemo Kevin Mitnick. Oktoba 1993 mwendesha mashtaka akamuuliza kama alikuwa bado anafanya uhalifu akiwa nje. Akakubali, akaomba kuteta kando na wakili wake, kisha huyo, katoweka. Akiwa mafichoni mwaka 1994 aliingia katika mfumo wa kampuni ya fedha ya Heller Financial, akahamisha dola 150,000 huku akiwazuga wafanyakazi kwa vitisho vya bomu. Alihukumiwa miezi 41.

Wengi wakikisikia husema tamaa. Sawa, tamaa ilikuwepo. Kinachonikera mimi ni hilo swali la 1993. Kumuuliza mtu mwenyewe ndiyo njia dhaifu kuliko zote za kujua alichofanya kwenye kompyuta.

Nayasema haya kwa kuwa nami niliwahi kuulizwa. Katika kazi yangu ya kwanza nilipewa tovuti moja ya mteja niijaribu kama inaweza kudukuliwa. Humo nikakuta nywila ya seva nyingine, ya mishahara, nikaingia "kuangalia tu". Hazikufika dakika tatu. Kesho yake mteja akapiga simu: nani kafungua faili la mishahara? Nilikiri, nikaapa kwamba sikunakili kitu. Bosi wangu hakunifokea. Aliuliza tu, "Umeandika wapi?" Sikuwa nimeandika popote. Mteja tukampoteza, na sikuwa na la kujitetea. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa, na ile seva haikuwa kwenye ruhusa yangu.

Tangu hapo nina daftari. Saa, anwani ya mashine, amri niliyoandika, jina la aliyeniruhusu. Mkataba utaje mifumo, tarehe, na namba ya simu ya mtu atakayepokea hata usiku. Ukikuta mlango ulio nje ya mkataba, piga picha ya skrini, ishia hapo, piga simu. Inaudhi, hasa pale mlango unapokuwa wazi na wewe una hamu. Na usitumie akaunti ya kuazima ya fundi wao. Dai akaunti yako peke yako, yenye jina lako, ili kumbukumbu za mfumo zisimchanganye mtu.

Mwaka jana kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alinuna nilipomwambia akaunti yake itafungwa kila siku saa kumi na mbili jioni. Akasema simwamini. Nikamgeuzia kompyuta yangu aone: ya kwangu nayo hufungwa saa hiyo hiyo, na anayeifunga ni mteja.