Kabla hujamuuzia mtu pampu

Juzi Tudor, hapa Mombasa, nimemkuta kijana wangu akimshauri bibi wa watu anunue pampu, eti maji moto hayana nguvu. Nikamuuliza: ya baridi je? "Hayo yaja kwa kishindo, fundi." Sasa pampu ya nini, na tangi ni lile lile moja? Valvu ya kuingilia hita ilikuwa nusu imefungwa. Na aliyeifunga ni yeye mwenyewe, wiki iliyopita. Basi vijana, leo naandika, kusema nimechoka.

1. Anza na mfereji wa baridi. Ukiwa dhaifu nao, tazama tangi. Mita 10 za kimo ndizo baa 1 ya presha. Tangi lililoipita shawa kwa mita 2 lina baa 0.2 tu, hata ulilaani.

2. Maji moto yakiwa dhaifu mfereji mmoja tu, angalia kichujio na fleksi, ile paipu laini ya kuungia mfereji, iliyojikunja. Yakiwa dhaifu nyumba nzima, ni hita na valvu zake. Zima umeme kwanza, tafadhali, mama zenu bado wawahitaji.

3. Maji ya visima vyetu yana chokaa, kisiwa chenyewe ni matumbawe. Yakipata moto, chokaa huganda, ndiyo maana upande wa moto huziba mwanzo. Kichwa cha shawa kilaze kwenye siki usiku kucha.

4. Kuchomea PPR, paipu za plastiki zinazoungwa kwa moto. Digrii 260, paipu ya milimita 20 sekunde 5, ya 25 sekunde 7. Mwahesabu? Mimi sikuhesabu. Mwaka wangu wa pili kazini, nyumba moja Kizingo, niliogopa kuvuja kuliko nilivyomwogopa baba yangu, basi kila elbo, kiungo cha kona, nikaipika mpaka ikalainika kama ubani, kisha nikasukuma kwa nguvu zote. Tukajaza presha, hakuna tone. Nikatembea kifua mbele.

Mwenye nyumba akapiga simu: maji moto ya juu yachuruzika. Nikamwambia hita mbovu. Akanunua nyingine. Hali ile ile. Nikamwambia tangi liinuliwe, akajenga jukwaa. Hali ile ile! Mpaka akaja fundi aliyenifunza, hakusalimu mtu, akafungua mifereji mmoja mmoja, akagonga ukuta, akavunja vigae, akakata elbo moja. Plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imejikunja ndani ikabakisha kitundu. Akatoa penseli sikioni, akaitia. Haikupita. Akanipa elbo mkononi mbele ya mwenye nyumba, akaenda zake kunywa kahawa.

Hita sikuweza kuilipa. Vigae nililipa, na rangi ile haikuwapo tena dukani, kwa hivyo bafu lile hadi leo lina weupe wa aina mbili.

Elbo ninayo sandukuni. Anayetaka kuiona aje na penseli yake.