Jibu: Maoni kuhusu Lady Gaga ambayo mashabiki wenzangu hawayataki

Ndugu, umeuliza ni maoni gani kuhusu Lady Gaga, yule mwimbaji wa Marekani, ambayo ukiyatoa mbele ya mashabiki wenzako unashambuliwa. Yangu haya hapa: Joanne ya 2016 ni albamu bora kuliko Born This Way ya 2011. Najua wengi mtakuja juu. Lakini hebu sikilizeni tena "Million Reasons", wimbo uliomo kwenye Joanne: piano, gitaa, na sauti iko mbele kabisa, haijafunikwa na midundo ya disko. Albamu imepewa jina la shangazi yake, aliyefariki 1974 akiwa na miaka 19 tu, na huzuni ya familia nzima inasikika. Wanaosema eti kwa albamu hii aliukimbia muziki wa pop wananiudhi kwelikweli. Hapo ndipo uandishi wake ulipokomaa! Born This Way naipenda, ila imejaa mno.